Waya Miguuni pa Jemadari

A-Giok hakuwa na kaka wa kumtetea shuleni. Hakuwa na baiskeli, wala koti la mvua lisilovuja. Hakuwa na mama, maana mama yake alifariki yeye angali mchanga wa kubebwa. Hakuwa na ruhusa ya kutia mkono ndani ya kikaragosi mbele ya watu, kwa sababu Bibi alishikilia kwamba kazi hiyo ni ya wanaume. Na kubwa kuliko hayo yote, hakuwa na moyo wa kusamehe. Mtu akimkosea wakati wa kupanda miwa, wakati wa kuivuna alikuwa bado anamtazama kwa jicho la pembeni.

Alichokuwa nacho ni kazi tele. Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, alipanda ndani ya gari la baba yake na kuwasha vijiti vya ubani mbele ya Jemadari Tian, mungu anayewalinda wacheza michezo ya kuigiza. Sanamu ya Jemadari ilikaa ndani ya kijumba chekundu cha mbao, kilichofungwa ukutani nyuma ya kiti cha dereva. Baada ya ubani, A-Giok alifuta vumbi kwenye nyuso za vikaragosi, akakunja majoho yao ya hariri, kisha akala uji wa wali na viazi vitamu na kukimbilia shule.

Gari lenyewe lilikuwa lori dogo. Ubavu wake mmoja ulifunguka na kushuka, likawa jukwaa lenye mazimwi na mawingu ya dhahabu. Kwa lori hilo Baba, Ong Thiantek, alizunguka mahekalu ya mkoa wa Yunlin akichezesha vikaragosi kila mungu alipofanyiwa sikukuu. Babu yake A-Giok alifanya kazi hiyo, na baba wa babu pia.

Lakini mwaka huo mambo yalibadilika. Kamati ya hekalu la mjini ilitangaza kwamba vijana wengi sasa wanapenda sinema, kwa hiyo haitaweza tena kualika vikundi viwili. Katika sikukuu ya Mama Mazu, mungu wa kike wa bahari, kikundi cha Ong na kikundi cha Mzee Tan Kimsui vingewekwa uso kwa uso uwanjani, kama desturi, kwa siku mbili. Watu wangegeuza vibao vyao vya kukalia kuelekea jukwaa linalowapendeza. Kitakachopata watu wengi ndicho kingepewa sikukuu zote za mwaka.

"Tukishindwa," Baba alisema wakati wa chakula, "nitavifungia vikaragosi sandukuni, niende kiwanda cha sukari. Sina njia nyingine."

A-Giok aliacha kutafuna. Aliwaza masanduku yamefungwa kwa kamba, na Jemadari ameachwa gizani. Usiku huo aliapa moyoni kwamba jambo hilo halitatokea, liwe liwalo.

Mzee Tan alikuwa na spika kubwa zilizosikika hadi ng'ambo ya reli. Baba akaona hana budi kununua zake. Alipata amplifaya ya kukuza sauti, spika mbili na mashine ya kaseti ya kupigia muziki, vyote vya kufungwa garini na kutumia betri ya gari. Tatizo likawa fundi. Mjini palikuwa na fundi mmoja tu wa redio za magari, Kho Bunliong, naye alikuwa amemwoa dada yake Mzee Tan.

"Thiantek, umemkabidhi fisi bucha!" Bibi alifoka. "Shemeji yake Tan ndiye wa kutufungia sisi mitambo?"

"Mama, Bunliong ni fundi mwaminifu."

"Mwaminifu kwa nani?"

Fundi Kho alikuja na kisanduku chake cha vifaa, akafanya kazi mchana kutwa bila maneno mengi. A-Giok alimpokeza spana na kumchunguza kama polisi. Mwisho, fundi alikwarua rangi kwa msasa mahali padogo ukutani, chini ya kijumba cha Jemadari, mpaka chuma kikang'aa. Hapo akafunga waya mnene mweusi kwa bolti.

"Huu wa nini?" A-Giok aliuliza.

"Umeshaona maji yanavyoingizwa shamba la mpunga? Ukiyapa pa kuingilia, lazima uyape na pa kutokea. Waya mwekundu unaleta umeme kutoka betri. Huu mweusi unaurudisha kwa kupitia bodi ya gari." Akafunga kisanduku chake, akawasha muziki, spika zikalia vizuri, akaenda zake.

Hata jioni haijaingia, Bibi akapanda garini na ubani. Alipouona waya mweusi akapiga kelele.

"Salaale! Amemkwarua Jemadari miguuni, kisha akamfunga kamba kama mbuzi! Hii ni laana ya makusudi. A-Giok, lete spana!"

"Bibi, nimwite Baba?"

"Baba yako ana haraka ya kila kitu, heshima ndiyo hana. Wewe fungua. Hamishia pale kwenye chuma cha ngazi, pamepakwa rangi nyekundu juzi tu. Pekundu pana heri."

A-Giok akaufungua waya, akaufunga upya kwenye chuma cha ngazi, juu ya ile rangi mpya nzito, akakaza kwa nguvu zake zote. Bibi akamwomba Jemadari radhi kwa machungwa matatu. Baba hakuambiwa, na A-Giok mwenyewe hakuona kwamba kuna la kuambiwa. Waya ulikuwa umesogezwa urefu wa mkono tu.

Siku ya kwanza ya sikukuu uwanja ulijaa tangu mchana. Moshi wa ubani ulichanganyika na harufu ya chaza waliokaangwa na mayai. Majukwaa mawili yalitazamana. Kwenye jukwaa la Tan alisimama Kokhui, mtoto wa Mzee Tan, kijana wa miaka kumi na minne, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Yeye alikuwa tayari anacheza pamoja na baba yake, na watu wote walimsifu. Kwa hilo peke yake A-Giok hakumpenda.

Mwanzo watu waligawanyika sawasawa. Kisha Baba akawasha injini ili betri isiishiwe nguvu, na papo hapo spika zikaanza kutoa mlio mwembamba, iiiiii, mlio uliopanda kila injini ilipoongeza mwendo. Mpiga ngoma alipopiga kwa nguvu, taa za jukwaa zikafifia. Shujaa wa Baba aliponyanyua upanga kumkabili mfalme wa majambazi, sauti ikakatika kabisa. Ikarudi. Ikakatika tena. Mfalme wa majambazi akafa kimya kimya kama samaki.

"Jamani, njooni muone!" Kokhui alipaza sauti kwenye kipaza sauti cha kwao. "Jirani zetu leo wanaigiza harusi ya mbu!"

Uwanja ukacheka. Watoto wakaanza kuimba, "Iiiii! Iiiii!" Kibao kimoja kikageuzwa, kikafuata kingine, na mwishowe mbele ya Baba palibaki wazee watatu waliosinzia na mbwa mmoja.

"We A-Giok!" Kokhui aliita tena mchezo ulipomalizika. "Mwambie baba yako anunue chandarua!"

A-Giok aliuma mdomo mpaka akaonja damu. Kicheko kile kilimwingia kama mwiba wa samaki kooni, na kadiri alivyokimeza ndivyo kilivyozidi kuchoma.

Jioni hiyo Baba alitafuta hitilafu. Alipima betri kwa mita yake kuukuu, akaikuta nzima. Alikagua mkanda wa injini, ukawa umekaza. Alitoa fyuzi, akazitazama kwenye mwanga, hakuna iliyoungua. Akajipangusa mikono.

"Kuna mtu aliyegusa nyaya baada ya fundi kuondoka?" aliuliza.

Bibi aliendelea kukoroga supu. A-Giok aliona mgongo wa Bibi umekakamaa kidogo.

"Hakuna, Baba," akasema.

Neno lilimtoka upesi kuliko alivyotarajia, na baada ya kutoka hakuwa na ujasiri wa kulirudisha.

"Sasa unataka ushahidi gani?" Bibi alidakia. "Shemeji yake Tan amekufungia ubovu, nawe umemshukuru kwa chai. Hivi sasa wanakula bata wakikucheka!"

"Kesho nitampelekea Bunliong ujumbe aje aangalie."

"Nyoka aje tena kukagua mahali alipouma?"

Baba alivitazama vikaragosi vilivyoning'inia kwenye kamba zao, akakiokota kimoja na kukiviringisha polepole ndani ya kitambaa, kama mtu anayeanza kufunga mizigo. A-Giok aliona. Hapo ndipo alipokata shauri. Wametunyamazisha, aliwaza, nao watanyamaza. Nitamfanya Kokhui afungue ule mdomo wake mbele ya mji mzima, na isitoke hata sauti ya mbu. Alilala akiwa na wazo hilo, nalo lilikuwa tamu kama kashata ya karanga. Alilimung'unya usiku kucha.

Siku ya pili, saa sita mchana, hekalu liliwakaribisha wachezaji kwa chakula. Kikundi chote cha Tan kilikwenda mezani. Gari lao lilibaki limefungwa ubavu, limeegeshwa chini ya bendera. A-Giok alichukua spana mfukoni mwa koti la Baba, akapita nyuma ya wauza mandimu, akaingia kwa mlango mdogo wa nyuma.

Ndani palikuwa na joto na harufu ya rangi. Amplifaya ya Tan ilikuwa imefungwa mahali palepale walipofunga yao. Aliutambua ule waya mwekundu mnene utokao kwenye betri. Alipozungusha nati, spana iligusa chuma cha pembeni, cheche ikaruka na kumwonyesha kwa nukta moja nyuso zote za vikaragosi vya Tan zikimkodolea macho. Angeogopa siku nyingine. Siku hiyo alifurahi. Aliuchomoa waya, akauacha uning'inie kwenye uwazi ambapo ubavu wa gari hufunguka, akatoka akifuta mikono kwenye sketi.

"Chezeni sasa," alinong'ona. "Chezeni tuwaone."

Alirudi kwao akirukaruka, lakini alipofika garini furaha ikamkauka. Fundi Kho alikuwa amelala chali sakafuni karibu na ngazi, kisanduku chake kikiwa wazi, na Baba amemshikia tochi.

"Huyu anafanya nini humu?" A-Giok alifoka.

"Adabu, wewe!" Baba alimkemea. "Bunliong amepata ujumbe wangu, amekuja hata chakula hajala."

"Hujambo, mwanangu," fundi alisema bila kuinuka. "Thiantek, washa injini. Kisha cheza muziki wenye ngoma nyingi."

Mlio ukaanza, iiiiii. Fundi Kho akatoa mita yake. Ncha moja akaigusisha kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu, ncha ya pili kwenye mahali pa waya mweusi wa amplifaya. "Tazama hapa. Njia ya kurudi ikiwa nzuri, mshale huu haupaswi kusogea." Ngoma ikalia, mshale ukaruka. Ngoma ikalia tena, ukaruka zaidi. "Umeona? Umeme umekwenda, hauna pa kurudi, unahangaika. Sasa shika kiwaya hiki chembamba cha kaseti."

Baba akashika, akautoa mkono haraka. "Kina moto!"

"Kwa sababu umeme umelazimika kurudi kwa mlango wa paka. Ndiyo maana ya mlio, ndiyo maana ya taa kufifia. Na mngeendelea hivi kwa siku chache, kingeungua." Akamulika ile bolti kwenye chuma cha ngazi. "Waya huu umefungwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Mimi niliufunga kwenye chuma kitupu, pale chini ya kijumba. Nani ameuhamisha?"

Nje wauzaji waliita wateja wao. A-Giok alihisi masikio yake yakiwaka. Yeye ndiye aliyeshika ile spana. Siku nzima na usiku kucha amekuwa akimlaani mtu huyu, na mkono uliowanyamazisha ulikuwa huu wake.

"Ni mimi," Bibi alisema ghafla kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimwagiza mtoto. Niliona kamba nyeusi miguuni pa Jemadari, sikuweza kuvumilia."

"Na mimi nikafunga," A-Giok akasema. "Na Baba uliponiuliza, nikakudanganya."

Baba alifumba macho. Fundi Kho alikaa, akakuna kichwa.

"Bibi, mimi pia nimekosa. Nilipaswa kukuuliza kwanza kabla ya kukwarua ukuta wa mungu wako. Kuna boriti ya chuma hapa chini ya kiti, mbali na Jemadari. Hapa panafaa?"

"Hapo pana adabu," Bibi alijibu.

Fundi akakwarua boriti kwa msasa hadi chuma kikaonekana, akafunga waya, akakaza. Ngoma ikalia, na mshale ukatulia. Ule mlio wa mbu ukapotea kabisa. Mwimbaji wa kike aliimba kutoka kwenye kaseti kwa sauti safi iliyojaza gari lote. Baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

A-Giok hakucheka. Ng'ambo ya uwanja aliwaona watu wa Tan wanatoka mezani, na Kokhui ameshika kamba ya kushushia ubavu wa gari.

"Msifungue!" alipiga kelele. Akaruka chini, akakimbia katikati ya vibao, akimkanyaga huyu na kumgonga yule. "Kokhui! Usishushe jukwaa! Waya!"

Lakini matoazi ya hekalu yalikuwa yakilia kuita watu, na sauti yake ikazama humo. Ubavu wa gari ukashuka. Chuma kikaubana waya mwekundu. Palitokea mwanga wa buluu, kisha moshi. Fyuzi ingeukata umeme mara moja, ila Mzee Tan alikuwa amechoka kununua fyuzi, akaweka kipande cha waya mahali pake. Kwa hiyo hakuna kilichokata. Waya ukawa mwekundu kwa moto, ukaiunguza amplifaya, kisha ukalala juu ya sanduku la vikaragosi. Majoho ya hariri yakaanza kunuka.

Kokhui hakufikiri. Aliushika waya kwa mkono mtupu, akauvuta mbali na sanduku, akapiga ukelele ambao A-Giok asingeweza kuusahau. Fundi Kho, aliyekuwa amekimbia nyuma ya A-Giok, alikatiza umeme kwenye betri.

Vikaragosi vilipona. Kiganja cha Kokhui hakikupona. Ngozi ilikuwa imevimba na kujaa maji.

"Leteni sosi ya soya tumpake!" mtu alisema, na mama mmoja akaja na chupa.

"Hapana!" Fundi Kho alimzuia. "Si sosi, si dawa ya meno. Maji safi ya baridi, na yaendelee kutiririka." Akampeleka kijana bombani, akamshikia mkono chini ya maji. Machozi yalimtoka Kokhui kimya kimya. Wala hakuwa na neno la kejeli.

A-Giok alisimama pale. Kile alichokitamani usiku kucha kilikuwa mbele yake: Kokhui amenyamaza mbele ya mji mzima. Hakikuwa na utamu wowote.

"Nani amefanya hivi?" Mzee Tan alinguruma.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. "Ni mimi, Mzee," alisema. "Nilifungua waya wenu. Nilidhani mmetuharibia gari letu. Kumbe hamkufanya lolote."

Mzee Tan aliinua mkono. Akauacha hewani, kisha akaushusha na kumgeukia Baba. "Thiantek. Baba zetu walishindana uwanja huu miaka mingi, wakatukanana mpaka sauti zikawakauka. Hakuna aliyewahi kugusa jukwaa la mwenzake. Hivi ndivyo tunavyoshindana siku hizi?"

Baba aliinama mpaka kiunoni, naye si mtu wa kuinama ovyo. Alirudi garini kwake, akafungua amplifaya mpya bolti moja moja, akaibeba kifuani hadi kwenye gari la Tan.

"Sitaki sadaka yako," Mzee Tan alisema.

"Si sadaka. Yenu imeungua kwa mkono wa mtoto wangu. Bunliong, wafungie hii, na safari hii weka fyuzi ya kweli."

"Na nyie mtachezaje?" fundi aliuliza.

"Kwa koo zetu, kama alivyocheza baba yangu."

Alasiri hiyo kikundi cha Tan kilicheza kwa spika, Mzee Tan akiwa peke yake bila mwanawe. Kikundi cha Ong kilicheza bila kitu chochote ila ngoma, matoazi na sauti ya Baba. Waliotaka kumsikia ilibidi wasogeze vibao vyao hadi chini ya jukwaa. Walikuwa wachache, lakini walisogea kweli. Kamati ilihesabu watu kwa macho tu, maana hapakuwa na haja ya kubishana. Mwaka mzima ukaenda kwa Tan.

Walipokuwa wakikunja majoho, mkulima mmoja wa vitunguu saumu, mwenye matope hadi magotini, alimfuata Baba. "Kijijini kwetu tuna kibanda cha Mungu wa Ardhi. Ni padogo, umeme haujafika vizuri. Mtu anayeweza kutufikia bila spika ndiye tunayemtaka. Utakuja?"

Baba alimtazama Bibi, Bibi akamtazama Jemadari. "Nitakuja," Baba alisema. Hakikuwa hekalu la mjini, wala malipo yake hayakufanana, lakini kamba ya sanduku haikufungwa, na habari za kiwanda cha sukari hazikutajwa tena.

Jioni, A-Giok alisubiri fimbo. Fimbo haikuja. Baba alimketisha kwenye ngazi ya gari nje ya nyumba, palepale penye rangi nyekundu, na Fundi Kho akakaa upande wa pili akinywa chai.

"Mwambie, Bunliong," Baba alisema. "Mtu akikuletea gari bovu, unaanzia wapi?"

"Kwenye betri yake mwenyewe. Kisha fyuzi zake, kisha nyaya zake. Sijawahi kumaliza kazi kwa kwenda kufungua gari la jirani."

"Umesikia? Mimi niliuliza swali, ukanipa jibu la uongo, ubaya ukajificha nyuma ya jibu hilo. Ungesema kweli, ningeifikia bolti ile kabla ya chakula cha usiku, na leo Kokhui angekuwa na mkono mzima. Hasira hasara, A-Giok. Lakini hasara ya hasira si lazima imwangukie mwenye hasira. Mara nyingi inamwangukia mtu mwingine. Ukikasirika, kwanza jichunguze mwenyewe, tena kwa mikono yako. Ukikosa, sema mapema. Kweli ikicheleweshwa inakuwa ghali."

"Na mimi maneno hayo yananihusu," Bibi alisema kutoka jikoni. "Msidhani sisikii."

Tangu siku hiyo, A-Giok alikwenda kila alasiri nyumbani kwa Mzee Tan kufua na kushona majoho yaliyoungua. Mke wa Mzee Tan alimpa kazi bila kumpa neno, naye aliifanya bila kulalamika. Kokhui mwenyewe hakuwepo. Alipelekwa kwa shangazi yake mwingine, mjini Chiayi, ambako kuna daktari mzuri wa majeraha ya moto. Daktari alisema vidole vitarudi kufanya kazi, ila kwa subira.

"Mwandikie barua," Baba alisema.

A-Giok aliandika kurasa mbili. Baba alizisoma, akachukua kalamu nyekundu. "Hapa umeandika 'lakini ulitucheka'. Hapa 'lakini sikujua'. Hapa tena. Futa kila 'lakini', kisha uniletee kitakachobaki."

Alifuta. Ilimuuma kufuta, hasa ile ya kicheko, kwa sababu kile kicheko kilikuwa cha kweli na bado kilimchoma. Kilichobaki hakikujaza hata ukurasa mmoja:

"Kokhui, mimi ndiye niliyefungua waya wenu. Niliufungua nikitaka muaibike. Wewe hukuwa na kosa, wala Fundi Kho hakuwa na kosa. Uliokoa vikaragosi kwa mkono wako, nami sijui kama ningefanya hivyo. Joho la kikaragosi chenu cha jenerali mweupe nimelishona upya, mama yako ameshalikagua. Naomba radhi. Ukipona, rudi upande jukwaani, nami nitamwomba Baba aniruhusu nipande la kwetu. Nataka nikushinde ukiwa na mikono yote miwili. A-Giok."

"Bibi," aliuliza, "hapo mwisho nimekosea adabu?"

Bibi, ambaye hakujua kusoma, aliomba asomewe mara ya pili.

"Acha kama ilivyo," alisema. "Na hilo la kupanda jukwaani, tutamuuliza Jemadari."

A-Giok akaikunja barua, akaitia ndani ya bahasha. Akachukua punje mbili za wali wa moto kutoka kwenye bakuli, akazisaga kwa kidole kwenye ukingo wa bahasha ziwe gundi, akaubana mpaka ukashika. Akavaa viatu, akaenda hadi mbele ya posta, akaitia kwenye sanduku la kijani. Alingoja mpaka aliposikia imefika chini.